Mlango wa Sufuria

Mchoro wa kwanza waliurudisha na duara la kahawa,
kikombe kimekaa pale pale nilipoandika Jukwaa.
Hakuna aliyeomba radhi. Nikaona afadhali:
karatasi iliyobeba kikombe haikutiwa kabatini.

Sabla yetu ya Ibra, walisema, iwe moja kwa yote:
arusi, matanga, mkono wa Idi, chanjo za watoto,
na mkutano wa zamu za maji, ule unaokwisha kwa ugomvi.
Nikachora ukuta wa kukunja, mbao kumi na mbili,
ili vigelegele visivuke kwa wenye msiba.
Mwenyekiti Muhanna akaigonga karatasi kwa kalamu:
"Na kilio je, binti? Kilio chahitaji ukuta wa unene gani?"
Sikuwa na jibu. Niliandika: sentimita kumi na tano.

Kiwanja chenyewe hakitaki pembe mraba.
Falaji inakikata mshazari, nyembamba kama mshipa,
na haihamishwi kwa ajili ya viyoyozi vyangu.
Kibla nacho kinavuta upande wake.
Siku tatu nimeuzungusha ukumbi kwenye kompyuta
kama mtu agaaye usiku
akitafuta upande wa mto usio na joto.

Ya nne akaja Bi Shinuna, mpishi wa arusi,
mzaliwa wa Wete, bado anahesabu kwa shibiri.
Hakutazama paa, wala matao niliyoyapenda.
"Mlango wa jiko?"
Sentimita tisini, nikamwambia.
Akavua kanga begani, akaipima hewa:
sufuria hii hapa, sikio hadi sikio,
huyu mbebaji, huyu mwenzake, viwiko, mvuke.
"Wali wa watu mia sita haupiti kwa ubavu, mwanangu.
Jeneza utaliinamisha. Wali utauinamishaje?"

Nikafuta. Mita mbili na robo, bila kizingiti.
Mlango ukaisukuma stoo, stoo ikavisukuma vyoo,
vyoo vikalisukuma jukwaa, nalo, lililokwisha hama
mara mbili kwa ajili ya kibla,
likarudi kinyumenyume hadi ndani ya duara la kahawa,
likaenea.

Fomu ya manispaa ina kisanduku kimoja:
Matumizi makuu ya jengo.
Nimeandika kulisha. Nimefuta.
Nimeandika tena.

Bado viatu.
Jozi mia sita mlangoni, na sijachora hata rafu.