Sikio la Mita

Jumatatu usiku: kumi na nne nukta sita.
Alfajiri: kumi na mbili nukta tisa.
Naandika nyuma ya daftari la Mageni la Hesabu,
maana shirika halisikii kilio, linasikia tarakimu.

Nyumba yetu Mabatini imekalia jiwe.
Friji hatuna. Pasi ni ya mkaa.
Nani basi anakula humu ndani, sote tukilala?

Nilimshuku Masalu wa mageti,
mashine yake ya kuchomelea ikivuma nyuma ya ukuta,
cheche zikimwagika jiweni kama dagaa kwenye turubai.
Nikamnunia wiki tatu.
Bintiye alipojifungua nilituma kanga, sikwenda.

Fundi Bugingo akaja mchana.
"Mita nzima, mama."
Mchana kila mita ni nzima.
Nikamwambia keti, ngoja giza.
Akangoja. Akanywa uji, vikombe viwili.

Saa mbili nikazungusha kile kitufe
nilichokinunua Makoroboi kwa elfu nne,
cha kufifiza taa,
kwa ajili ya mavyaa, katoka Bugando na jicho jipya:
mwanga mkali unamchoma, giza linamtisha.
Nami moyoni nikisema, si ndiyo kubana matumizi?

Taa ikanywea, ikawa kiini cha yai.
Kijicho chekundu cha mita kikaanza kukonyeza
mbiombio.

Bugingo akacheka, si kwa dharau.
Kitufe hiki, akasema, si bomba la kupunguza maji.
Kinaukata umeme vipande, mara mia kila sekunde,
na kila kipande kina ncha.
Mita ya zamani ilikuwa na gurudumu, zito, halibabaiki.
Hii ina sikio tu,
limezoea wimbi laini, ziwa la asubuhi.
Likipigiwa kelele, linahesabu kelele.

"Kwa hiyo nimenong'ona, nimetozwa kwa kupayuka?"
"Ndiyo, mama. Kikulacho…"
"Usimalizie."

Akakinyofoa kwa koleo, akaunga nyaya.
Taa ikawaka yote. Mavyaa akajifunika uso.
Nikaizima.

Sasa nimekaa mlangoni kwake na koroboi,
ya kopo la maziwa, utambi wa shuka kuukuu.
"Umeme umekatika?" anauliza.
"Hapana, mama. Umenyamaza."

Alhamisi usiku: nane nukta tatu.
Alfajiri: nane nukta tatu.
Kesho nampelekea Masalu sato wawili.
Sijui nitaanzia wapi.