Mwaka wa Chombo

Sheria ya mashindano ni fupi:
chombo kiwe cha valvu, kiwe kimezaliwa kabla ya mwaka sitini,
na kila unayempata hewani mnapeana mambo mawili tu,
namba ya usikivu na mwaka wa chombo.
Salamu hazihesabiwi.

Changu ni cha hamsini na nne.
Kilitoka kwenye meli iliyokatwa vipande Mwanza Kusini,
nikakinunua kwa kilo, kama chuma cha kuyeyusha;
mwenye mizani akacheka, akaniongezea nyaya bure.
Antena nimeifunga jiwe hadi jiwe hapa Bugarika,
ambapo nyumba zimekaa juu ya majabali
kama kuku waliokataa kushuka.
Korongo mmoja ameufanya waya wangu kigoda chake.
Nimemtupia maganda, nimemtukana Kisukuma. Hana habari.

Saa kumi na mbili jioni nikawasha.
Valvu haziwaki upesi, huona haya kwanza,
kisha huiva, rangi ya mawese.
Wadudu wa ziwani wakaja kama moshi,
wakaungulia kwenye kioo, chumba kikanuka dagaa.

Baba alinifundisha kwa kijiko na sahani:
fupi ni ti, ndefu ni taa.
Nilikuwa mdogo, nikadhani anasema taa yenyewe,
kwamba mtu wa mbali anawashiwa, anazimiwa, anawashiwa.
Mpaka leo sijaona kosa langu lilikuwa wapi.

Ti-taa. Nikampata mtu wa Durban, chombo cha arobaini na nane.
Nikampata Mfini, mkono mwepesi kama anapukuchua mahindi.
Mama Kabula akagonga ukuta:
"Nkwimba! Tamthilia imejaa miruzi!"
Nikapunguza nguvu. Wakati wa matangazo nikairudisha.
Saa sita umeme ukakatika, tamthilia ikafa yenyewe,
nikaunga betri ya lori.
Daftari likajaa: Omsk, Recife,
kisiwa ambacho jina lake siwezi kulitamka.

Wa Ukerewe hakuwepo.
Au alikuwepo, ila mawimbi ya usiku humruka.
Ndivyo yalivyo: yanapanda, yanagonga dari la anga,
yanakwenda kushukia Ulaya,
na aliye ng'ambo ya maji haya, kilomita hamsini,
anabaki mkavu,
kama aliyejibanza chini ya daraja mvua ikinyesha.

Ndalahwa ni kaka yangu.
Chombo chake na changu vilikuwa chumba kimoja kwenye meli ile;
skrubu zake nne ziko kwangu, naye anajua.
Tangu kiwanja cha baba kule Nyegezi kipimwe,
mwaka wa sita huu, hatujasemezana.
Msibani kwa shangazi yeye alikaa upande wa turubai,
mimi upande wa masufuria.

Kukapambazuka. Jua likagusa mawe,
wa mbali wakaanza kufifia mmoja mmoja,
Mfini akazama katikati ya neno.
Ndipo chini kabisa, chini ya mikwaruzo, mtu akaita.
Sikusubiri jina la kituo. Mkono ule naujua:
taa zake ndefu mno,
kama mtu anayeburuta ndala sebuleni.

Nikajibu. Usikivu tano tano tisa, nikamwambia,
ingawa hakufika hata tatu.
Mwaka, hamsini na nne.
Akanyamaza. Nikasikia transfoma ikinguruma peke yake.
Tatu tatu tisa, akasema,
maana Ndalahwa hajawahi kumwongezea mtu chumvi.
Mwaka, hamsini na nne.

Wa nchi yako ni pointi moja.
Omsk peke yake ilinipa tano.
Nikaandika saa, namba, mwaka,
kidole bado kiko kwenye kibonyezo
na sina la kubonyeza.

Halafu, nje ya sheria:
ti ti.
Hivyo ndivyo waendeshaji wa zamani
walivyorudishia mlango bila kuubamiza.
Nami: ti ti.

Korongo akajinyoosha, waya ukayumba.
Nikaenda kutafuta bisibisi
na kikopo cha kutilia skrubu nne.