Aina ya Chombo

Nilipopewa ukarani wa diko, Msimbati,
nilikabidhiwa kalamu mbili, mizani ya kuning'iniza
na fomu yenye safu tisa.
Safu ya kwanza: aina ya chombo.
Asiye na chombo hana mstari.

Miezi saba nikaandika ngalawa, hori,
boti ya faiba ya Chikaya na injini yake ya kuazima,
na kila mwisho wa mwezi nikajumlisha:
Wavuvi, arobaini na wanne.
Wanawake, sifuri.
Nikagonga muhuri,
na sifuri ikapanda basi kwenda mjini
kuwa takwimu.

Kumbe nyuma ya mgongo wangu, kila bamvua,
sifuri ilikuwa inashuka mwambani,
imejifunga kibwebwe, nondo mkononi,
inarudi na pweza sita, kome, chaza wa kujaza ndoo.
Sifuri ilinunua sare za shule.
Sifuri ilinikopesha kitoweo mara mbili,
na deni hilo pia sikuliandika.

Juzi Somoe Likwata akasimama mbele ya mizani,
mguu mmoja mfupi tangu homa ya utotoni.
"Andika."
Mama, nitaandika wapi? Chombo gani?
"Miguu."
Urefu?
"Mmoja mrefu, mmoja mfupi. Pima mwenyewe."
Injini?
"Uji wa mtama. Siku nyingine hamna."
Nahodha?
Alinitazama tu.
Nikaandika jina lake.

"Na usiweke kalamu chini.
Shimo la tatu, upande wa kusi,
halina mwenyewe mwezi wa pili sasa.
Maji ya dimbwini yana moto
kama ya kumkanda mzazi.
Pweza jike akiatamia simchomi;
aliyemchoma juzi namjua, ni mwanangu,
mwandike na yeye."

Fomu haina safu ya hayo.
Nikaandika pembezoni, nikazungusha karatasi,
nikaishia mgongoni mwake.

Imerudi leo, na wino mwekundu:
Imechafuliwa. Ijazwe upya.

Nimechukua karatasi nyeupe na rula.
Ninachora safu ya kumi.
Somoe ameshika ncha ya pili isiteleze,
anasema hiyo nyembamba, mwanangu, haitoshi,
hebu geuka.

Nimegeuka. Biasha, Siwema,
Mwanaiba na mtoto mgongoni,
na wengine ambao bado siwajui majina,
ndoo zao chini, zinavuja.