Milimita Kumi na Moja

Mimi ni mwalimu wa hesabu. Niliandika barua mbili
kuipinga safari hii.
Mkuu wa shule alizisoma, akatabasamu,
akanikabidhi filimbi.

Ndiyo maana nipo kinamasini, kusini mwa Estonia,
saa tatu asubuhi, Septemba, ukungu haujaamua kuondoka,
na watoto ishirini na watatu wa darasa la tano
waliofungwa miguuni viatu vipana kama nyungo
ili ardhi isiwameze.

Ardhi yenyewe si ardhi.
Leelo aliruka mara moja tu,
na msonobari uliokuwa hatua sita mbali naye
ukatikisa kichwa.
Basi wakaruka wote, na msitu mzima mfupi
ukaitikia kama kusanyiko la wazee wasiosikia vizuri.
Nilipuliza filimbi. Hakuna aliyegeuka.

Bi Hille, mwenyeji wetu, amevaa koti la marehemu mumewe,
mifuko imejaa kamba na mkate mweusi.
Hakutoa somo. Alisema:
Nyamazeni mpaka msikie kitu cha tano.
Cha kwanza, basi letu likizima injini.
Cha pili, korongo, wawili au zaidi, juu ya ukungu.
Cha tatu, tumbo la Uku.
Cha nne, maji yakitembea chini ya nyayo zetu.
Cha tano walibishania hadi wakati wa kula.

Kisha akatoa fimbo ya chuma, vipande vya kuunganisha,
akaitazama safu nzima, akamchagua Taavet.
Nilitaka kumwambia: huyo hapana.
Huyo huvunja penseli tatu kwa wiki,
huyo desimali humteleza kama sabuni.
Lakini filimbi ilikuwa mdomoni.

Taavet akasukuma. Mita moja ikazama bila ubishi.
Akaunga kipande, akasukuma. Ya pili. Ya tatu,
akiwa amepiga magoti, shavu limegusa kuvumwani.
Mita ya nne ikaenda, na kidogo tena,
kisha fimbo ikagonga kitu kigumu
na sauti ikapanda hadi mikononi mwake.
Huo ndio udongo wa chini, alisema Bi Hille.
Kuvumwani huongezeka milimita moja kwa mwaka.
Hakusema zaidi.

Haba na haba, huwaambia watoto kila muhula,
hujaza kibaba. Sikuwahi kukiona kibaba chenyewe.

Taavet aliandika kwa kidole cha tope
juu ya paja la suruali yake. Akafuta. Akaandika.
“Elfu nne,” akasema. “Miaka elfu nne.”
Halafu, baada ya muda, kwa sauti ndogo:
“Mimi ni milimita kumi na moja.”
Akainua kidole chake cha shahada, akakitazama upana wake.

“Mimi pia!” “Mimi kumi na mbili mwezi ujao!”
Wakawa wanapimana kwa kucha, kwa vifundo,
Leelo akaniuliza mimi ni ngapi, nikasema uongo.

“Bibi yangu alikuwa themanini na nne,”
alisema Taavet, hakumwambia mtu.
Akalaza kiganja kwa ubavu, vidole vyote na gumba juu,
akakibonyeza kwenye kuvumwani.
Maji yakapanda yakamfika mkononi. Hakuuondoa.

Bibi huyo alifariki Februari.
Nilijua. Nilitia saini kadi ya rambirambi pamoja na walimu wenzangu,
na juma lile lile
nikampa mjukuu wake sifuri.

Wakati wa kurudi nilikanyaga pembeni ya njia
nikazama hadi gotini. Watoto wanne walinivuta,
wakihesabu moja, mbili, tatu, kwa pamoja na bila kosa.
Mguu ulitoka, kiatu kilibaki.
Mwakani kitakuwa chini kwa milimita moja.

Jumatatu Taavet alikosa maswali sita kati ya kumi.
Nilikaa na daftari lake mpaka mfagizi akaja kuzima taa.
Nilikuwa nikitafuta ile elfu nne,
njia aliyopita, alipofuta na alipoandika upya.
Haimo daftarini. Ilikuwa kwenye paja la suruali,
na mama yake, bila shaka, ameshaifua.