Mwaka wa Kumi na Moja

Daktari wa Nizwa aliushona mshipa.
"Kano," alinisahihisha, "mshipa ni wa damu."
Uzi wake bado umo, haujafumuka,
picha ya juzi imesema hivyo.

Picha haiijui sufuria ya halua,
saa mbili za kukoroga bila kupumua,
zafarani ikiingia, samli ikipanda.
Sasa anakoroga Mahfudh. Mimi naonja.
Kwangu mwiko umekuwa mwiko.

Kilemba nafunga.
Shinuna namshika kichwa, ingawa amerefuka.
Shubaka la juu, penye hiliki,
hapana.

Usiku wa baridi bega hunigutusha
kabla ya muadhini.

"Umepona kwa kiasi gani?" wameniuliza leo,
kalamu mkononi.
Nikauinua mkono
hadi ulipogoma.
Nikasema: andika hapo.