Usibanduke

Kifurushi kilikatika Jumanne, katikati ya taarifa,
nami nikaapa: silipi tena kuonyeshwa mvua ya Garissa
ambayo redio hunipa bure.

Hanga tatu za nguo, ubao wa kitanda kilichovunjika,
skrubu nane, waya wa shaba niliomnyang'anya Twalib fundi wa friji.
Nikapinda pembe, moja juu ya moja,
kama miba ya changu
aliyeliwa na mtu asiye na haraka.
Mlingoti ni boriti ya mkoko, kimo cha mtu na nusu.

Alasiri nipo darini, Langoni.
Kibla naijua, ni kaskazini, sihitaji dira;
mnara wa matangazo ndio nisioujua.
Twalib asema bara, upande wa Mokowe.
Mwanawe asema simu yasema kusini zaidi.
Nikaelekeza katikati ya maneno yao.

Chini, mbele ya kioo, kakaa mamangu, Bi Mwanajabu.
Kati yetu ngazi tatu, kila ngazi na mtoto wake.
"Vipi?" nauliza.
"Vipi?" "Vipi?" "Vipi?" lateremka swali.
"Buluu," lapanda jibu. "Buluu." "Buluu tupu."

Mama hazipendi zama hizi za king'amuzi.
Zamani, asema, kulikuwa na chenga:
ukiipiga televisheni kofi la ubavu
mtu alikuja nusu, kivuli chake kikimfuata,
ukamjua kwa sauti, ukamkaribisha hivyo hivyo.
Sasa ama yuko mzima ama hayuko kabisa.
"Hata jirani hawi hivyo."

Nazungusha upana wa kidole. Kumi na tisa kwa mia.
Kidole kingine. Thalathini.
Paka wa kina Shee aja kunusa waya. Arubaini na nne.
Paka aondoka. Arubaini na nne vilevile, alhamdulillahi.
Kisha kelele, ngazi zote kwa pamoja, zamu imesahauliwa:
"Yaja! Yaja! Mtu! Ana tai!"

Nikauachia mlingoti nishuke nikamwone.
"Buluu."
Nikaushika. "Mtu."
Nikauachia. "Buluu, wee! Usibanduke!"

Nikaivua pete, labda ni fedha yake.
"Mtu yupo."
Basi si pete. Ni mimi.

Nimesimama, kiganja kwenye boriti,
na habari zanifikia ngazi baada ya ngazi,
kila mtoto akipunguza neno.
Waziri amesema.
Amesema nini?
Amesema tu.
Petroli imepanda.
Mvua, Garissa.

Jua lataka kuzama na mkono wafa ganzi.
"Nileteeni kamba!" naita, niufunge mlingoti niwe mtu tena.
Kamba, kamba, kamba, neno lateremka,
nalisikia likigusa sakafu ya chini.
Kimya kirefu. Tangazo la sabuni.
Halafu jibu lapanda, polepole, kwa adabu zote:
"Bibi asema kamba hawakupatikana sokoni leo.
Kuna tasi."