Daftari la Tungule

Saa tisa za usiku, Kongowea, kurunzi mdomoni,
nafungua daftari la mamangu.
Jalada limeliwa na maji ya tungule.
Mama hakuandika tarehe. Aliandika:
Kreti elfu saba. Mvua haikatiki. Shekuwe kazaliwa.
Na kurasa nne mbele:
Kreti mia nane. Tumemwaga. Shekuwe ana surua.
Ndivyo nijuavyo umri wa ndugu yangu:
alizaliwa tungule zikiwa ghali.

Lori la Mwakio laingia kutoka Taveta, kreti tisini.
Turubai likifunuliwa, mvuke wapanda,
joto la shamba lililosafiri usiku kucha bila kulala.
"Elfu sita," yuwasema, "na nyuma yangu hakuna mtu."
Simjibu. Bei ya kwanza ni salamu,
waiitikia, huinunui.
Natia mkono kreti ya katikati.
Zile za juu ni bibi harusi, zishapambwa.
Nashuka hadi kiwiko:
moja imepasuka, mbili zina kovu la jua,
moja laini kama shavu la mtoto aliyelia.
Nanusa vidole. Siku tatu, nasema moyoni.
Mbili, kwa joto hili la Machi.

Sisi hapa mwaka twaujua kwa pua.
Disemba ni embe, ngowe na boribo kutoka Malindi,
zaja kwa fujo hata mwuzaji aona haya kutaja bei,
na nzi ndio wateja wakubwa.
Kisha machungwa ya Muheza, ngozi kijani, ndani asali;
watu wa mahoteli huyakataa kwa rangi,
nasi twawaacha na macho yao.
Mbatata za Meru hazina msimu, zina nundu:
gunia limeshonewa gunia jingine kichwani.
Kilo ngapi? Uliza mgongo wa Mbaruk hamali,
mizani nyingine hapa zote zina ndugu.
Na Ramadhani huzunguka mwaka mzima,
leo yaangukia jua, kesho mvua,
ikifika tu, tikiti maji lavaa kilemba,
halisemeki.

Tumekubaliana elfu tano na mia mbili.
Nimelipa kreti ishirini, noti zimelowa jasho,
ndipo taa zikamulika toka upande wa barabara kuu.
Lori. Kimana. Kreti mia na arubaini.
Hakuna aliyepiga kelele.
Bei hapa haianguki kwa kishindo,
huanguka kama mtu anayekaa chini taratibu
akijifanya alitaka kukaa.
Elfu nne na nusu. Nne. Adhana yaita, tatu na nusu.
Mwakio yuwafunga turubai, hanitazami.
Nami simlaumu: barabarani hakuna dirisha la kuonea kesho.

Siku aliyofariki Mama haimo daftarini.
Niliwauliza madalali, tungule zilikuwa ngapi siku ile?
Mmoja akasema elfu mbili, mwingine tano,
mzee Mwachiro akasema, "Siku ile mimi sikuuza,"
na najua aliuza, nilimwona.
Nimeuacha mstari mtupu, baina ya vitunguu vya Arusha
na deni la mtu aitwaye Chai, ambaye simjui,
wala hajaja kulipa.

Kumekucha. Mbodze wa Kisauni amesimama mbele yangu,
beseni kiunoni, macho tayari kwenye kreti ya chini.
"Nasikia umeliwa usiku."
"Nimeonjwa tu."
"Hii wanipa ngapi?"
"Tatu na mia sita."
Acheka, atia mkono, apita zile za juu bila kuzigusa,
ashuka hadi kiwiko.
Nani kamfunza huyu?
"Tatu na mia mbili. Na hizi laini?"
"Hizo chukua, za mchuzi wa leo. Kesho hazifiki."

Akiondoka, natafuta kalamu kwenye ncha ya leso.
Kreti tano na mia mbili, nimeuza tatu na mia mbili.
Lori la pili.
Nafikiri la kuongeza, kama afanyavyo Mama.
Naandika: Mbodze ajua kuchagua.